Waskrull na Historia ya Kutuhumiana

Toleo la pili la jarida la katuni la Fantastic Four, lililotoka na tarehe ya Januari 1962, linaanza na mashujaa wake wanne wakifanya uhalifu. Mmoja anauangusha mtambo wa mafuta baharini, wa pili anaiba kito cha thamani, wa tatu anaiyeyusha sanamu ya marumaru mbele ya umati, wa nne anaukatia mji mzima umeme. Kurasa chache baadaye msomaji anajulishwa kwamba hao si wenyewe. Ni Waskrull, viumbe wa kijani kutoka sayari ya mbali, wenye uwezo wa kujigeuza mtu au kitu chochote. Njia waliyoichagua ya kuiteka dunia ni fupi na rahisi: badala ya kupigana na mashujaa, wawachafulie jina, kisha wananchi na serikali wawamalize wenyewe. Inakuwa hivyo hivyo. Hakuna anayejiuliza kwa nini watu waliokuwa wakishangiliwa jana wamekuwa wezi leo. Jeshi linawasaka, linawakamata na kuwafungia.

Hadithi hiyo iliandikwa na Stan Lee na kuchorwa na Jack Kirby, na kwa zaidi ya miaka 60 katuni za mashujaa za Marekani zimekuwa zikiirudia kwa sura mbalimbali: mgeni yumo miongoni mwetu, amevaa uso wa rafiki, anangoja siku yake. Wengi huisoma kama hadithi ya uvamizi. Mimi naisoma kama hadithi ya tuhuma. Ukizipitia katuni hizi moja baada ya nyingine, utaona kwamba madhara makubwa yanayosimuliwa humo yanatoka kwa wanaomsaka mgeni, au wanaojifanya kumsaka, zaidi ya kutoka kwa mgeni mwenyewe. Waandishi wake bora walilijua hilo tangu mwanzo, na hata wale waliotaka kuandika kinyume chake walishindwa kulikwepa.

Maelezo yaliyozoeleka kuhusu chimbuko la hadithi hizi ni Vita Baridi, na maelezo hayo hayakosi nguvu. Tarehe 9 Februari 1950, Seneta Joseph McCarthy alisimama mjini Wheeling, jimbo la West Virginia, akatangaza kwamba ana orodha ya Wakomunisti walioajiriwa katika Wizara ya Mambo ya Nje. Idadi yao ilibadilika kutoka hotuba hadi hotuba, lakini hofu haikubadilika. Mwaka uliofuata Robert Heinlein alichapisha riwaya ya The Puppet Masters, ambamo viumbe kutoka angani wanang'ang'ania migongoni mwa watu na kuwaendesha watakavyo. Mwaka 1954 Jack Finney aliandika katika jarida la Collier's hadithi ya mji mdogo ambao wakazi wake wanabadilishwa mmoja mmoja na nakala zilizoota ndani ya maganda, na mwaka 1956 ikawa filamu iitwayo Invasion of the Body Snatchers. Waskrull walipofika miaka michache baadaye, Marekani ilikuwa imekwisha kuzoea wazo kwamba jirani anaweza kuwa adui na mkewe asijue. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga wetu walisema, na Wamarekani wa miaka ya 1950 waliligeuza wazo kama hilo kuwa sera ya serikali.

Hata hivyo, kuoanisha tarehe hakumalizi shauri. Hofu ya kiumbe anayevaa umbo la mwenzako iliitangulia Vita Baridi: John W. Campbell alichapisha "Who Goes There?" mwaka 1938, akiwafungia watafiti kwenye barafu ya Antaktika pamoja na kiumbe anayeweza kuwa yeyote kati yao, wakati McCarthy alikuwa bado wakili asiyejulikana huko Wisconsin. Tena toleo lile la 1962, likisomwa kwa makini, linagoma kuwa onyo dhidi ya wapelelezi. Mashujaa wakishatoroka kizuizini, wanaamua kujifanya Waskrull wanaojifanya wao. Wanapanda chombo cha maadui, wanafika mbele ya kamanda mkuu, naye hawatambui. Yaani katika hadithi ya kwanza ya Waskrull, waliojipenyeza kambini mwa adui wakatoka salama bila kugunduliwa ni binadamu. Reed Richards, kiongozi wao, anamwonyesha kamanda huyo picha za majitu ya kutisha akidai ndiyo majeshi ya ulinzi ya dunia. Picha zenyewe zimekatwa kutoka Strange Tales na Journey into Mystery, majarida ya katuni ya kampuni ile ile iliyochapisha Fantastic Four. Himaya yenye vyombo vya anga inatimua mbio kwa kuogopa katuni, na kabla ya kuondoka kamanda anamvika nishani ya ushujaa mtu aliyemdanganya. Waskrull watatu waliobaki duniani wanapumbazwa akili, wanajigeuza ng'ombe na kusahau kwamba waliwahi kuwa kitu kingine. Hofu ya kweli haisimuliwi kwa mzaha wa namna hii. Mwandishi anayeamini kwamba adui yuko kila mahali hamalizi kwa kumpeleka malishoni.

Mzaha wa zile picha una historia yake, na hapa inafaa tukae kidogo. Mwaka 1954 daktari wa magonjwa ya akili, Fredric Wertham, alitoa kitabu cha Seduction of the Innocent, akidai kwamba katuni zinawaharibu watoto. Aprili mwaka huo kamati ndogo ya Seneti ilikaa New York kuwahoji wachapishaji, na William Gaines wa kampuni ya EC akatoka pale akiwa ameaibika. Shtaka lilikuwa lile lile la wakati wake: kitu kinachoonekana hakina madhara kimeingia nyumbani kwa watu wema na kinawageuza watoto wao. Wachapishaji, kwa kuhofia sheria, walijiwekea Kanuni ya Katuni kabla mwaka haujaisha, na kampuni nyingi zikafunga milango. Lee na Kirby walikuwa ndani ya biashara hiyo wakati wote huo. Walijua maana ya kutuhumiwa kwamba wewe ndiye kirusi. Zaidi ya hapo, wote wawili walikuwa wana wa wahamiaji wa Kiyahudi mjini New York. Mmoja alizaliwa Stanley Lieber, mwingine Jacob Kurtzberg, na kila mmoja alifanya kazi kwa jina ambalo halikumtambulisha kwa haraka. Sitaki kusema kwamba walikaa mezani wakapanga kuandika fumbo juu ya maisha yao. Walikuwa na kurasa za kujaza na tarehe ya kiwanda cha uchapaji. Lakini mtu huandika kwa anachokijua, na hawa walikijua kilicho upande wa anayeshukiwa.

Jambo hilo linaonekana wazi zaidi ukiuliza shujaa mwenyewe ni nani. Superman, aliyezaliwa katika Action Comics mwaka 1938 kwa mikono ya Jerry Siegel na Joe Shuster, ni kiumbe wa sayari nyingine aliyeingia duniani bila kibali cha mtu, akachukua jina la kibinadamu, akaajiriwa katika chumba cha habari na kuwadanganya wenzake kila siku. Novemba 1955, katika toleo la 225 la Detective Comics, akatokea J'onn J'onzz, mtu wa Mirihi aliyeletwa duniani na mtambo wa mwanasayansi. Anaweza kujigeuza sura yoyote. Anachagua sura ya mzungu wa kawaida, anajiita John Jones, na anaingia kazini polisi kama mpelelezi. Huo ni mwaka ule ule ambao hadithi ya Finney ilitoka kama kitabu. Kiumbe wa anga amejipenyeza katika chombo cha dola kwa jina la uongo, na msomaji anatakiwa kumpenda. Basi uwezo wa kujigeuza haukuwa uovu kwa wenyewe. Katuni za mashujaa zimejengwa juu ya watu wenye nyuso mbili, na Mskrull ni shujaa aliyepinduliwa ndani nje: uficho ule ule, hila zile zile, tofauti ikiwa ni upande anaoutumikia. Ndiyo sababu hadithi ya kumsaka mwenye sura bandia haiwezi kusimuliwa humu bila kumgusa shujaa. Sheria yoyote itakayomnasa Mskrull itamnasa na Superman.

Kuna pingamizi la haki hapa. Wapelelezi walikuwepo kweli. Juni 1957 alikamatwa mjini New York mtu aliyekuwa akiishi Brooklyn kama msanii na mpiga picha kwa jina la Emil Goldfus. Alijitambulisha kwa Wamarekani kama Rudolf Abel, na hata hilo halikuwa jina lake. Alikuwa William Fisher, ofisa wa ujasusi wa Kisovieti aliyezaliwa Uingereza. Februari 1962, mwezi mmoja tu baada ya tarehe ya lile toleo la Waskrull, alibadilishwa kwa rubani wa Kimarekani Gary Powers kwenye daraja la mjini Berlin. Mtu akiniambia kwamba hofu ya Wamarekani haikuwa ndoto tupu, sina ubishi. Lakini tazama jinsi Abel alivyopatikana: msaidizi wake mwenyewe aliasi na kumtaja. Hakukamatwa kwa sababu ya kamati za hadhara, viapo vya utii wala majirani kuchongeana. Kwa upande mwingine, mwaka 1942 serikali ile ile iliwahamisha na kuwaweka kambini watu wapatao 120,000 wenye asili ya Japani, wengi wao raia wa kuzaliwa, kwa dhana kwamba nyuso zao zinaficha utii wa kwingine. Jasusi mmoja wa kweli hahalalishi hilo, na hadithi za Waskrull zilizokomaa zinalibeba jambo hilo vizuri: adui yupo, ila msako unamkosa na kuwapata wengine.

Ushahidi mzito kuliko wote uko katika vita vya Wakree, viumbe wengine wa anga, na Waskrull, vilivyosimuliwa na Roy Thomas katika The Avengers, toleo la 89 hadi la 97, kati ya 1971 na 1972, kwa michoro ya Sal Buscema, Neal Adams na John Buscema. Humo anaingia mwanasiasa aitwaye H. Warren Craddock, mkuu wa Tume ya Shughuli za Wageni, jina lililofinyangwa waziwazi kutokana na ile Kamati ya Bunge ya Shughuli Zinazopingana na Umarekani iliyoundwa mwaka 1938. Craddock anahutubia, anatisha, anawaita mashujaa wajieleze kwa nini wanamhifadhi Mar-Vell, askari wa Kikree aliyewaasi wenzake na kuishi duniani. Wale ng'ombe watatu wa 1962 nao wanarudi, wanavaa sura za Thor, Iron Man na Captain America, na kulivunja kundi la Avengers kwa amri bandia. Mwishoni Craddock anafichuliwa kuwa Mskrull, na umati uliokuwa ukimsikiliza unamgeukia na kumpiga. Mvamizi aliyefika mbali kuliko wote ndiye aliyekuwa akipiga kelele nyingi kuliko wote kuhusu uvamizi. Tena mwaka wenyewe una maana. Kanuni ya Katuni ya 1954 ilikataza kuwaonyesha maofisa wa serikali kwa namna ya kuwavunjia heshima. Ililegezwa mwaka 1971, ikaruhusu ofisa mwovu mradi aonekane ni wa pekee na aadhibiwe. Thomas alipata mlango, na kwa maoni yangu sura ya Mskrull ilikuwa ufunguo wa ziada: huyu si ofisa mbaya, ni mgeni aliyevaa suti ya ofisa, kwa hiyo dola haijatukanwa.

Lakini ufunguo huo huo ndio udhaifu wa hadithi. Ikiwa msakaji mkatili ni kiumbe wa anga, basi Wamarekani wenyewe hawana hatia, na McCarthy anageuka kuwa ajali iliyotoka nje. Thomas aliipiga siasa ya tuhuma kofi, kisha akaifuta machozi. Mwandishi mwenzake Bill Mantlo alikuwa mkali zaidi katika Rom, jarida lililotolewa na kampuni ya Marvel kuanzia Desemba 1979, matoleo 75 hadi 1986. Rom alianza kama mwanasesere wa kampuni ya Parker Brothers, na mwanasesere huyo aliondoka madukani mapema huku katuni ikiendelea kwa miaka. Ni shujaa wa chuma anayewasaka Dire Wraiths, viumbe waliokwisha kuchukua nafasi za watu katika mji wa kubuni uitwao Clairton, ambao nao umewekwa West Virginia, kwa bahati au kwa makusudi. Kifaa chake kimoja kinamwonyesha nani ni nani. Kingine kinamfukuzia adui kwenye ulimwengu mwingine na kuacha majivu tu. Watu wanaotazama wanaona jitu la chuma likimchoma mwalimu wao au polisi wao mbele ya macho yao. Hapa mtu atapinga kwamba hadithi inamhalalisha msakaji, kwa kuwa msomaji anajua Rom hakosei. Ni kweli, lakini tazama gharama iliyowekwa: inabidi uwe na mashine isiyokosea hata kidogo ndipo msako uwe wa haki, na hata hapo aliyesimama kando hawezi kuutofautisha na mauaji. Mantlo hakumpa seneta yeyote mashine hiyo.

Wapo watakaosema haya yote ni kufikiri kupita kiasi, kwamba kiumbe wa kujigeuza ni nyenzo ya biashara tu. Shujaa akifa na wasomaji wakamkumbuka, unasema aliyekufa alikuwa Mskrull. Mockingbird alikufa katika katuni za 1993, akarudi mwaka 2008 kwa njia hiyo hiyo, na sitamtetea mhariri yeyote kwa hilo. Ni ufundi wa bei rahisi. Lakini faida ya dukani inaeleza kwa nini Waskrull wanaitwa tena na tena. Haielezi kwa nini kila wanapoitwa, hadithi inajikuta ikihangaika na wasio na hatia. Ingekuwa rahisi zaidi kuandika wavamizi wanaofichuliwa na kupigwa, na mashujaa wakarudi nyumbani.

Jaribio kubwa la kuuacha mkondo huo lilikuwa Secret Invasion ya mwaka 2008, matoleo manane ya Brian Michael Bendis na mchoraji Leinil Francis Yu. Marekani ilikuwa imepita Septemba 11, sheria za upelelezi wa ndani na vita viwili. Waskrull wa Bendis wameshika dini. Malkia wao Veranke anaamini dunia imeahidiwa kwao, na hakuna akili, pua wala uchawi unaoweza kuwatambua. Ni vigumu kutoiona hofu ya Mwislamu wa jirani katika mchoro huu, na lazima nikiri kwamba hapa katuni inasogea karibu mno na kumpa msakaji haki. Wavamizi wapo kweli, wako ndani ya taasisi zote, na imani yao ndiyo silaha yao. Hoja yangu ingeweza kuvunjika hapa. Kinachoiokoa ni matukio yenyewe. Vita vinaanza na mashujaa kupigana wao kwa wao, kwa kuwa hakuna anayemwamini mwenzake. Na mwisho, risasi inayomuua malkia inapigwa na Norman Osborn, mwovu mzoefu wa katuni za Spider-Man, mbele ya kamera za televisheni. Kwa risasi hiyo moja anakabidhiwa usalama wa nchi. Osborn hana damu ya Kiskrull hata tone. Amekuja na uso wake mwenyewe, wasifu wake unajulikana, na amepewa ofisi kwa shangwe. Bendis, akipenda au asipende, alisahihisha kosa la Thomas: anayefaidika na tuhuma safari hii ni mtu wa nyumbani.

Baada ya hapo waandishi wameanza kuingia ndani ya nyumba ya mtuhumiwa. Hulkling wa Young Avengers, jarida lililoanza 2005, ni kijana wa New York aliyekua bila kujua kwamba baba yake ni Mar-Vell na mama yake ni binti mfalme wa Kiskrull. Mwaka 2019 Robbie Thompson na mchoraji Niko Henrichon walitoa Meet the Skrulls, matoleo matano kuhusu familia ya wapelelezi wa Kiskrull huko Stamford, Connecticut, yenye kazi za shule na ugomvi wa mezani. Mwaka huo huo filamu ya Captain Marvel, ya Anna Boden na Ryan Fleck, iliwaonyesha watazamaji wa dunia nzima Waskrull walio wakimbizi, wanaojificha kwa sababu wanawindwa na dola kubwa inayowaita magaidi. Mashabiki wa zamani walilalamika kwamba adui wao amenyang'anywa meno. Malalamiko hayo nayaelewa kama ladha, ila kama historia hayana msingi, kwa maana mwindaji aliyewekwa mashakani alikuwemo tangu 1962. Mfululizo wa televisheni wa Secret Invasion wa mwaka 2023, wenye vipindi sita, ukawaleta wakimbizi hao hao miaka 30 baadaye, makazi waliyoahidiwa hawajapewa, na vijana wao wakichukua silaha. Ni kazi dhaifu, iliyochoka kabla ya kufika mwisho. Lakini katika kipindi cha mwisho rais wa Marekani anatangaza hadharani kwamba kila aliyezaliwa nje ya dunia ni adui, raia wenye bunduki wanaanza kuua, na kati ya waliouawa wamo binadamu. Katika hilo, waandishi wake hawakukosea.